Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyetetea makapi

KIPANDE cha muwa kinapotafunwa mtaani Kaloleni, Kisumu, utamu humezwa na makapi hutemwa. Hata hivyo, sukari na sehemu kubwa ya makapi hayo ni za ukoo mmoja, kabohaidreti. Aliyeufundisha ulimwengu kutoyadharau makapi ya chakula ni daktari ambaye kandokando ya Ziwa Victoria jina lake hutajwa kwa jambo jingine kabisa: saratani ya watoto.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Baada ya kuhudumu jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uganda mwaka wa 1946, akaanzia Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu Burkitt akamwona mwingine Jinja. Aliwaandikia madaktari kote barani, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kuhusu uvimbe huo. Walibaini kwamba huandama maeneo yenye joto na mvua, na huadimika nyanda za juu. Kisumu, ulio mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, umo ndani ya ukanda huo. Leo saratani hiyo, inayoitwa kwa jina lake, inahusishwa na malaria pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka wa 1964.

Aliporejea Uingereza, Burkitt alivutiwa na hoja ya Thomas Cleave, daktari wa jeshi la majini, kwamba sukari na unga mweupe vilikuwa chanzo cha maradhi mengi. Yeye akauliza swali tofauti: ni kitu gani kilichoondolewa humo?

Jibu limo katika maumbile ya mmea. Chembe za glukosi zikiungana kwa namna moja huwa wanga, akiba ya nishati ambayo mwili wa binadamu huivunja kwa urahisi. Zikiungana kwa namna nyingine huwa selulosi, nguzo ya kuta za seli za mmea, ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuikata. Nyuzinyuzi hizo hufika utumbo mpana, hushika maji na kukilainisha kinyesi, na baadhi huliwa na bakteria wanaotoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Kwa miaka mingi wataalamu waliziona kuwa taka tu.

Utafiti aliochapisha na wenzake mwaka wa 1972 ulionyesha kwamba chakula kilipita tumboni mwa wanavijiji wa Uganda kwa muda wa saa 36 hivi, ilhali kwa mabaharia wa Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80. Burkitt alidai kwamba upungufu wa nyuzinyuzi ulieleza saratani ya utumbo, kisukari na maradhi ya moyo.

Wakosoaji hawakukosa hoja. Mwanakijiji na baharia walitofautiana kwa mambo mengi zaidi ya chakula, na si kila ugonjwa alioutaja umethibitika. Hata hivyo, mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka wa 2019 yaligundua kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi hupungukiwa na maradhi hayo kwa asilimia 15 hadi 30, na yakapendekeza angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Alichokiona kuwa ngao vijijini Uganda ndicho kinachoondolewa mahindi yanapokobolewa ili ugali uwe mweupe: pumba huenda kwa mifugo, na wanga hubaki mezani.