Bob Marley: Kidonda cha kidole na safari ndefu ya kutafuta tiba

Fulana zenye sura yake huvuka mipaka ya Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo pamoja na mizigo mingine ya nguo. Nyimbo zake husikika kwenye malori na vibandani. Hata hivyo, chanzo cha kifo chake bado kinasimuliwa kwa namna nyingi. Bob Marley hakufa kwa risasi, ingawa aliwahi kupigwa risasi. Alikufa Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma, saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia.

Tangu alipoambiwa ana ugonjwa huo hadi kifo chake haikutimia miaka minne. Katika kipindi hicho alijaza viwanja, akaja Afrika na kuvuka mipaka ya nchi nyingi. Pia alifanya maamuzi mawili mazito kuhusu mwili wake, ambayo mgonjwa wa saratani na familia yake wanaweza kujifunza kwayo hadi leo.

Kijana wa Nine Mile

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, Jamaica. Mama yake, Cedella, alikuwa binti Mwafrika wa kijijini. Baba yake, Norval Marley, alikuwa mzungu aliyemzidi mama huyo umri kwa mbali, na hakuishi na familia hiyo. Mama na mwana walihamia Trench Town, mtaa wa wanyonge jijini Kingston, ambako kijana huyo alijifunza kazi ya kuchomelea vyuma.

Mwaka 1963, pamoja na Peter Tosh na Bunny Livingston, aliunda kundi la Wailers. Februari 1966 alimwoa Rita Anderson, kisha akamfuata mama yake Delaware, Marekani, ambako alifanya vibarua, kikiwemo cha kiwanda cha magari cha Chrysler. Aliporudi nyumbani, yeye na wenzake walianzisha lebo yao na kuuza santuri wenyewe. Walikuwa wamechoka kurekodi nyimbo zinazopendwa huku fedha zikiishia mifukoni mwa wengine.

Mlango wa dunia ulifunguka mwaka 1973, baada ya mkataba na kampuni ya Island ya London na kutoka kwa albamu ya Catch a Fire. Jina lilipokua, na hatari ilikua. Desemba 3, 1976, siku mbili kabla ya tamasha kubwa Kingston, watu wenye silaha walivamia nyumba yake katika barabara ya Hope. Yeye, mkewe na meneja wake walijeruhiwa. Alipanda jukwaani hivyo hivyo, kisha akahamia London kwa muda.

Kidole kilichokataa kupona

Mei 1977, akiwa Paris katika ziara ya Ulaya, aliumia kidole hicho akicheza mpira wa miguu, mchezo alioupenda karibu sawa na muziki. Kidonda hakikufunga. Julai mwaka huo vipimo vilionyesha ni melanoma.

Hapa ndipo hadithi nyingi huanza kupotoka. Mitaani husimuliwa kwamba aliletewa viatu vilivyotegwa, lakini hakuna ushahidi uliowahi kuthibitisha hilo. Mpira nao haukuleta saratani. Teke linaweza kumfanya mtu akitazame kidole chake kwa makini, lakini aina hii ya melanoma huota yenyewe kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu zisizopigwa sana na jua. Kwa watu weusi, melanoma inapotokea, mara nyingi huwa ni ya aina hiyo, na kwa kuwa hudhaniwa ni jeraha au fangasi, wengi huchelewa kuigundua.

Ushauri aliopewa London ulikuwa kukata kidole. Marley alikataa. Imani yake ya Kirasta inaheshimu ukamilifu wa mwili, na kwa mtu aliyeishi kwa kucheza jukwaani na uwanjani, kidole gumba si kitu kidogo. Alitafuta maoni ya daktari mwingine Miami, Marekani, ambako aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, kisha akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Sehemu ya Marekani ya ziara yake ilifutwa.

Si haki kusema alikuwa mkaidi aliyekimbia hospitali. Alitafuta tiba, akapewa upasuaji mdogo kuliko ule wa kwanza, akauchagua. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kukatwa kidole kungemponya, kwa kuwa mbegu za saratani huenda zilikuwa zimeshasafiri. Kinachojulikana ni kwamba melanoma hupona zaidi inapoondolewa yote mapema, na kwamba kovu lililofunga halimaanishi ugonjwa umekwisha.

Miaka mitatu ya kasi

Aprili 22, 1978, baada ya kurudi Kingston, aliwapandisha jukwaani mahasimu wawili wa kisiasa, Michael Manley na Edward Seaga, wakashikana mikono mbele ya umati. Mwishoni mwa mwaka huo alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. Alipitia Kenya, kisha akaenda Ethiopia na kufika Shashamane, ardhi ambayo Mfalme Haile Selassie aliitenga kwa watu wenye asili ya Afrika waliotaka kurudi.

Albamu ya Survival ya mwaka 1979 ilikuwa na wimbo kuhusu Zimbabwe, uliopendwa na wapigania uhuru wa nchi hiyo. Usiku wa Aprili 17, 1980 alitumbuiza katika uwanja wa Rufaro wakati bendera mpya ikipandishwa, huku mabomu ya machozi yakimfikia hadi jukwaani. Gharama za kusafirisha vyombo na watu wake alizibeba mwenyewe. Siku iliyofuata alipiga tena, kwa ajili ya wananchi waliobaki nje.

Septemba 21, 1980, siku moja baada ya kumaliza maonyesho mawili Madison Square Garden, alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo, mapafu na ini. Alipanda jukwaani mara ya mwisho Pittsburgh, Septemba 23.

Uamuzi wa pili

New York alipelekwa hospitali ya Sloan Kettering, akapigwa mionzi. Nywele zake ndefu zilikatika. Kwa melanoma iliyosambaa, madaktari wa wakati huo walikuwa na silaha chache. Dawa ya kemikali iliyotumika zaidi ilipunguza uvimbe kwa wagonjwa wachache tu, na interferoni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujaribiwa.

Novemba alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Kisha akavuka bahari kwenda Bavaria, Ujerumani, kwa daktari Josef Issels, aliyedai kutibu saratani kwa kuamsha kinga ya mwili mzima kwa mlo maalumu, chanjo, homa ya kutengenezwa, na kung'oa meno mabovu na mafindofindo. Issels aliwahi kuhukumiwa mwaka 1961 kuhusiana na vifo vya wagonjwa, akaachiwa huru miaka mitatu baadaye. Mwaka 1971 ripoti ya wataalamu wa Uingereza waliokagua kliniki yake ilisema hapakuwa na ushahidi kwamba tiba hiyo inazuia saratani.

Marley alikaa huko miezi kadhaa, katika baridi ya milimani, na ndiko alikotimiza miaka 36. Wapo wanaosema miezi hiyo ilikuwa zawadi ya Issels. Lakini mgonjwa mmoja hawezi kutoa jibu. Wapo wanaoishi muda mrefu bila dawa hiyo, na wapo wanaokufa wakiitumia. Jibu hupatikana tu pale makundi mawili yanayofanana yanapolinganishwa na matokeo yote yakaandikwa, mabaya na mazuri.

Mapema Mei 1981 alianza safari ya kurudi nyumbani, lakini hali ilimlazimu kuishia Miami. Alifia huko. Alizikwa Nine Mile, Mei 21, kwa heshima za kitaifa. Hakuacha wosia, na mali aliyoichuma kwa jasho iliwaingiza warithi kwenye kesi za miaka mingi.

Wazo lilikuwa sahihi, ushahidi haukuwepo

Wazo la kuitumia kinga ya mwili dhidi ya saratani halikuwa la kipuuzi. Tangu mwaka 1891, daktari William Coley alikuwa akiwadunga wagonjwa bakteria kwa lengo hilo katika hospitali ambayo baadaye ndiyo ikawa Sloan Kettering. Katika miaka ya 1990, James Allison alionyesha kwamba askari wa mwili wana breki, na breki hiyo ikiachiliwa wanaweza kuishambulia saratani. Tasuku Honjo wa Japan aligundua breki nyingine. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, ilijaribiwa kwa wagonjwa 676 wa melanoma iliyosambaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Nusu ya waliopewa dawa hiyo peke yake waliishi zaidi ya miezi 10, dhidi ya miezi sita kwa waliopewa chanjo ya kulinganishia. Ilipounganishwa na nivolumab katika jaribio jingine, takriban nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitano. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitibiwa kwa dawa ya jamii hiyo mwaka 2015 melanoma ilipofika kwenye ubongo, akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Hata hivyo si muujiza. Melanoma ya nyayo na kucha, kama ya Marley, huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo kuliko ile ya ngozi iliyounguzwa na jua. Breki zikiachiliwa, kinga inaweza kuushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi za mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana majaribio yanaendelea.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Mgonjwa anayeshauriwa kuingia kwenye jaribio la tiba leo ana haki ambazo kliniki ya milimani haikulazimika kumpa Marley. Jaribio halali huwa limepitishwa na kamati ya maadili na mamlaka ya dawa ya nchi husika. Mgonjwa hupewa maelezo kwa lugha anayoielewa, huridhia kwa hiari, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Katika saratani kubwa, kundi la kulinganishia kwa kawaida hupewa tiba bora iliyopo, haliachwi hivi hivi.

Maswali ya kuuliza ni ya kibiashara kabisa. Dawa hii imeshajaribiwa kwa wangapi, na ikawaje? Nisipoingia, tiba yangu nyingine ni ipi? Nani analipa vipimo, nauli na malazi, ikiwa dawa hutolewa kila baada ya wiki kadhaa na kituo kiko ng'ambo ya mpaka? Nikianza kuharisha au kukosa pumzi nikiwa nyumbani, nampigia nani? Anayedai malipo makubwa kwa tiba isiyo na karatasi wala kamati hafanyi jaribio, anauza matumaini.

Lakini uamuzi rahisi kuliko yote huja mapema zaidi. Mstari mweusi chini ya ukucha unaozidi kupanuka, doa jipya kwenye unyayo, au kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa, kinahitaji daktari achukue kipande kidogo kipimwe maabara. Ocean Road jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi na Butaro nchini Rwanda zote zinatibu saratani. Kwa mfanyabiashara anayeshinda amesimama na kubeba mizigo, miguu ndiyo mtaji, na kuivua viatu na kuikagua mara moja kwa mwezi hakumgharimu hata shilingi.