Daktari aliyekataa kumwita kijana yule mjinga

Swali hili wazazi huliuliza kwa namna nyingi, lakini ni lile lile. Mtoto anaongea vizuri, anatumwa dukani na kurudisha chenji bila kosa, redio ikiharibika yeye ndiye anayejua waya upi umeachia. Kitabu kikifunguliwa, anakwama. Mbele yake kumeandikwa "baba", yeye anasoma "dada". Mwalimu anasema ni mzembe, shangazi anasema amerogwa, baba mtu anatafuta fimbo. Leo nitajibu kwa kusimulia maisha ya daktari mmoja wa Marekani, kwa sababu swali hilo ndilo lililomkuta akiwa na miaka 45 na hakuliacha tena mpaka anakufa.

Samuel Torrey Orton alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Nyumbani kwao kusoma lilikuwa jambo la kawaida kama kula: baba yake alikuwa mwanajiolojia na ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Samuel akasomea udaktari Pennsylvania, akahitimu mwaka 1905. Miaka yake ya mwanzo hakushughulika na watoto hata kidogo. Kazi yake ilikuwa maabara ya hospitali ya wagonjwa wa akili, akikata vipande vyembamba vya ubongo wa waliofariki na kuvichungulia kwa hadubini. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Breslau, Ujerumani, kujifunza kwa Alois Alzheimer, yule ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa wa kusahau wa wazee.

Kazi hiyo ya maabara ndiyo iliyomfaa baadaye. Madaktari wa wakati ule walikwisha kujua kwamba mtu mzima akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, anaweza kupoteza uwezo wa kusoma ingawa macho yake yanaona na ulimi wake unazungumza. Waliuita upofu wa maneno. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri ambaye hakuweza kujifunza kusoma, na hakuwa amepata kiharusi wala jeraha. Daktari wa macho wa Glasgow, James Hinshelwood, akahitimisha kwamba watoto wa namna hiyo huzaliwa na kasoro mahali pale pale panapoharibika kwa watu wazima. Kwa maneno mengine, kuna kipande kibovu.

Mwaka 1919 Orton alihamia Iowa, jimbo la mashamba ya mahindi, kuongoza hospitali mpya ya magonjwa ya akili. Januari 1925 yeye na wenzake walifungua kliniki ya muda katika kaunti ya Greene, wakawaomba walimu wawapeleke wanafunzi waliokuwa wakibaki nyuma. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 16 ambaye bado hajui kusoma. Alipopewa mtihani wa akili uliotumika siku hizo alipata 71, ilhali wastani ni 100. Kwa karatasi, shauri lilikuwa limekwisha: mzito wa akili.

Orton akaketi naye wakazungumza. Akamuuliza mambo ya injini na mashine, na kijana akajibu kwa ufasaha kama fundi. Daktari akaona kwamba namba ile haikumtendea haki, maana mtihani wenyewe ulidai yale yale ambayo mtoto asiyesoma hawezi kuyapata. Alipopimwa kwa kazi za mikono na maumbo, alifanya vizuri zaidi. Mimi naamini hapo ndipo palipo sifa kubwa ya Orton, kuliko nadharia zote alizoandika baadaye. Alikuwa na cheti mkononi kinachosema mtoto hawezi, akamsikiliza mtoto.

Mwaka huo huo alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu upofu wa maneno kwa watoto wa shule. Alimkatalia Hinshelwood. Amezikata bongo nyingi, anajua kidonda kinafananaje, na watoto hawa hawakuwa na dalili za kidonda. Akasema tatizo halimo katika kipande kilichoharibika, bali katika namna nusu mbili za ubongo zinavyogawana kazi. Kwa kuwa watoto wengi aliowaona walichanganya b na d, p na q, na wengine waliweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa kama kwenye kioo, alidhani nusu ya kulia inahifadhi picha iliyopinduka ya kila neno, na kwa watoto hawa nusu ya kushoto imeshindwa kuwa kiongozi. Akaliita jambo hilo strefosimbolia, yaani alama zilizopinduka. Jina halikudumu. Leo tunasema disleksia.

Kuhusu vioo alikosea, na mzazi anapaswa kulijua hilo. Karibu kila mtoto anayeanza shule hugeuza herufi, na wengi huacha wenyewe. Shida kubwa ya mwenye disleksia ni kuunganisha herufi na sauti yake. Lakini kuhusu ubongo kufanya kazi kwa mpangilio tofauti bila kuwa na kidonda, alikuwa amepita mahali sahihi. Mashine za kisasa za kupiga picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa watu wenye disleksia sehemu za nyuma za upande wa kushoto, zile za kutambua maneno na sauti zake, kwa kawaida hushiriki kidogo zaidi wakati wa kusoma, na baadhi ya tafiti zimeona tofauti katika nyuzi za fahamu zinazounganisha sehemu hizo na za mbele. Fikiria mtu anayekwenda mjini kwa vichochoro wakati wengine wana barabara ya lami. Atafika, ila amechelewa na amechoka. Tofauti hii hurithiwa mara nyingi, kwa hiyo kabla hujamshuku jirani, muulize babu alisomaje.

Katika lugha yetu kuna jambo la kuangalia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma kwa usahihi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Mwalimu akihesabu makosa tu hatamwona.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Orton alikwenda New York, na huko akashirikiana na mwalimu Anna Gillingham. Daktari alikuwa na nadharia. Mwalimu huyu na mwenzake Bessie Stillman waliigeuza kuwa masomo. Mtoto anaiona herufi, anaisikia sauti yake, anaitamka, na papo hapo anaiandika kwa kidole au kalamu, ili jicho, sikio, mdomo na mkono vifundishane. Hatua ndogo, kila siku, kurudia bila kuchoka. Orton alikuwa tayari ameonya mwaka 1929 dhidi ya mtindo uliopendwa Marekani wa kuwafundisha watoto neno zima kama picha. Nadhani angeipenda ba-be-bi-bo-bu ya bibi zetu. Aliwapinga pia waliolazimisha watoto wa mkono wa kushoto kuandika kwa wa kulia. Aliamini kunaweza kuleta kigugumizi. Maelezo yake hayo hayakubaliki sana leo, lakini kumfunga mtoto mkono bado hakuna faida.

Jambo ambalo Orton hakuwa na chombo cha kulithibitisha limeonekana baada yake: watoto wenye shida ya kusoma wakifundishwa kwa nguvu na kwa mpangilio kwa wiki nyingi, nyuzi za ubongo wao zinaweza kubadilika katika picha. Kwa hiyo mzazi, anza na macho na masikio ya mtoto, yapimwe. Kisha mweleze mwalimu kwa mifano: anakwama wapi, anasoma mistari mingapi kabla ya kuchoka, ndugu gani wengine walikuwa hivyo. Nyumbani dakika 15 za herufi na sauti kila siku, juu ya mchanga au sinia la unga, zinamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi zenye machozi. Dawa ya kunywa ya disleksia haipo, na anayekuuzia anataka fedha yako.

Orton alitoa kitabu chake kuhusu matatizo ya kusoma, kuandika na kusema kwa watoto mwaka 1937, akafariki Novemba 1948. Mwaka uliofuata mjane wake, June, aliyekuwa amefanya naye kazi tangu Iowa, akaanzisha na wenzake chama chenye jina la marehemu. Kipo hadi leo kwa jina jingine, kikiwafundisha walimu namna ya kuwafundisha watoto kama yule kijana wa injini.