Edward Tingatinga: Alichora kwa miaka minne, jina lake likaizunguka dunia

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UKILITAJA neno tingatinga mbele ya mkazi wa Buswelu, wilayani Ilemela, huenda jambo la kwanza litakalomjia akilini ni mtambo mkubwa wa kusukuma udongo, ule unaotangulia pale barabara mpya inapochongwa.

Kwa mtalii aliyepita Dar es Salaam au Zanzibar, neno hilo hilo ni picha ya chui mwenye madoa ya kung'aa, au ndege mwenye shingo ndefu aliyechorwa kwa rangi kali.

Kwa mtoto aliyekulia Uingereza miaka ya 2010, ni filamu fupi za katuni zilizokuwa zikioneshwa katika televisheni, zikieleza kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini nyoka hana miguu.

Neno ni moja, maana ni tatu. Mtambo una historia yake, lakini picha na katuni zote mbili zinarudi kwa mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyefariki dunia mwaka 1972 bila kujua kuwa jina lake la ukoo lingekuja kuwa jina la sanaa nzima.

Kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima wa kawaida. Hakupata elimu ya juu, na hakuwahi kuingia katika chuo chochote cha sanaa.

Kama walivyofanya vijana wengi wa kusini enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, ambako alipata kazi ya nyumbani na bustani kwa mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni.

Wakati huo hakuna aliyemjua kama mchoraji. Waliomfahamu walimjua zaidi kama mtu wa ngoma na muziki, aliyeshiriki katika vikundi vya burudani vya watu wa kusini waliohamia mjini.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Wazungu wengi waliokuwa wameajiri watumishi wa nyumbani walianza kurejea makwao. Kwa watu wa aina ya Tingatinga, uhuru ulileta heshima na pia ulazimu wa kubuni njia mpya ya kujipatia riziki.

Hadibodi na rangi ya baiskeli

Njia hiyo aliipata mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36. Inaelezwa kuwa aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa katika mitaa ya jiji, akaamini kuwa naye angeweza kuchora na kuuza.

Hakuwa na fedha za kununua turubai wala rangi za wasanii, zilizokuwa ghali na adimu. Badala yake alichukua vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba zinazotumika kutengenezea dari, akavikata kwa umbo la mraba lenye takriban sentimita 60 kila upande.

Kwa upande wa rangi, alitumia zile za mafuta zinazopakwa kwenye baiskeli. Rangi hizo hung'aa na hukauka zikiwa ngumu, na ndiyo sababu picha za Tingatinga zina mng'ao usiofanana na wa picha nyingine.

Umaskini wa vifaa ndio uliouzaa mtindo. Kwa kuwa rangi hizo hazichanganyiki kirahisi, alipaka kwanza rangi moja ya nyuma katika mraba mzima, kisha akamweka juu yake mnyama mmoja mkubwa, akamjaza madoa na mistari. Hakuweka kivuli wala umbali.

Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, ambako wageni wengi walikuwa wakifanya manunuzi. Wanunuzi wakuu walikuwa Wazungu waliofanya kazi nchini, ambao walizichukua na kwenda nazo makwao kama kumbukumbu.

Biashara ilipoonesha dalili ya kukua, kampuni ya umma ya National Arts of Tanzania nayo ilianza kununua kazi zake. Hata hivyo, mapato hayo hayakumfanya aache ajira, kwani alikuwa pia mfanyakazi wa ngazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili.

Wateja walipoongezeka, aliwakusanya vijana wa karibu naye, wengi wao wakiwa ndugu na watu wa kwao kusini, akawafundisha kazi hiyo nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah na Simon Mpata.

Kifo cha ghafla

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, gari alilokuwa amepanda lilidhaniwa kuwa la wahalifu waliokuwa wakitoroka. Polisi walifyatua risasi, na Tingatinga akapoteza maisha akiwa na umri wa takriban miaka 40. Hakuwa mwizi.

Aliacha mjane na watoto wawili wadogo. Aliacha pia kundi dogo la wanafunzi ambao hawakuwa hata na miaka mitano katika kazi hiyo.

Kwa kawaida, ufundi wa mtu mmoja aliyeufanya kwa miaka minne tu ungezikwa pamoja naye. Ilikuwa kinyume chake. Wanafunzi waliendelea kuchora pale pale Oysterbay, wakaungana katika ushirikiano, na mwaka 1990 wakaunda Chama cha Ushirika cha Sanaa cha Tingatinga.

Kila mmoja wao alitia saini jina lake mwenyewe kwenye picha yake, lakini mtindo wote ukaendelea kuitwa kwa jina la marehemu.

Jina bila mwenyewe

Kuanzia hapo jina hilo lilisafiri kuliko alivyowahi kusafiri mwenyewe. Picha zake za asili, ambazo ni chache, zikatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani. Zikajitokeza pia picha za kughushi zenye saini yake.

Mwaka 2010 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonesha katika chaneli yake ya watoto mfululizo wa filamu za katuni uliopewa jina la Tinga Tinga Tales. Filamu hizo zilikuwa 52, kila moja ikiwa na urefu wa takriban dakika 11.

Zilibuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, na kutengenezwa katika studio ya Homeboyz jijini Nairobi. Hadithi zake zilitokana na ngano za Kiafrika, na wanyama wake walichorwa kwa madoa na rangi za mtindo uliozaliwa kwenye hadibodi za Oysterbay.

Baadaye mwanamuziki wa Kenya, Eric Wainaina, aliyeshiriki kutengeneza muziki wa katuni hizo, alizipeleka jukwaani kama tamthilia ya nyimbo, kwa jina lile lile.

Hapo ndipo swali la haki linapojitokeza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya msanii katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Tingatinga, nusu karne hiyo ilitimia mwaka 2022.

Aidha, sheria ya aina hiyo hulinda picha iliyochorwa, na si namna ya kuchora. Aliyenakili chui wa Tingatinga kabla ya ulinzi huo kuisha angeweza kushitakiwa, lakini anayechora chui wake mwenyewe kwa madoa ya aina ile hana kosa. Mtindo hauna mmiliki, japo una jina la mtu.

Kwa sababu hiyo, mamia ya Watanzania wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa kuchora tingatinga, na hakuna aliyelazimika kumwomba mtu ruhusa. Kwa sababu hiyo hiyo, fedha zinazotokana na jina hilo katika masoko ya mbali hazina njia ya kisheria inayozilazimisha kurudi kwa familia yake.

Marehemu hakuacha mkataba wala wosia unaojulikana kuhusu jambo hilo. Alichoacha ni ujuzi aliowagawia vijana wake bila malipo, na huo ndio uliolibeba jina lake hadi kwenye televisheni za watoto wa nchi ambazo hakuwahi kuziona.