Augustin Katumba Mwanke: alitoka uwaziri, nguvu ikabaki

Hapa Bukavu wengi wanakumbuka tarehe 12 mwezi wa pili 2012. Ile siku ndege ilianguka kule Kavumu, Augustin Katumba Mwanke akafariki. Matata Ponyo, waziri wa feza wakati ule, aliokoka.

Katumba alizaliwa mwaka wa 1963, mutu wa Pweto, Katanga. Alikuwa anatumika ku banki Afrika Kusini. Mwaka wa 1997, kisha Mobutu kuanguka, akakuja Kinshasa kuwa mushauri katika wizara ya feza. Mwaka wa 1998 Laurent-Désiré Kabila akamuweka gavana wa Katanga. Chini ya Joseph Kabila akawa waziri katika ofisi ya raisi. Mwaka wa 2002, ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya unyonyaji wa mali ya Kongo ikamutaja, akatolewa serikalini.

Lakini hakupoteza nguvu. Alibaki mushauri wa karibu wa raisi, na wengi walimuona nyuma ya mikataba mikubwa ya madini. Hapo njo penye shida: waziri anaitwa bungeni ajieleze, mushauri haitwi. Kitabu chake kilitoka kisha kifo chake, wakati hakuna tena wa kumuuliza.