Ratili Nne za Unga: Imani ya Kila Siku katika Maisha ya Joseph Bates

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 107:23–31; Danieli 1:8; Luka 16:10; Kutoka 20:8–11; 1 Wafalme 17:8–16; 1 Timotheo 5:8; Mathayo 6:25–34.

Fungu la Kukariri: Luka 16:10.

Wengi wetu tunamfahamu Joseph Bates kama mmoja wa waasisi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, pamoja na James na Ellen White. Tunakumbuka kijitabu chake cha mwaka 1846 kuhusu Sabato. Lakini kabla ya kuwa mhubiri, Bates alikuwa baharia, mfungwa wa vita, nahodha wa meli, mume na baba.

Juma hili hatutamfuata mimbarani. Tutamfuata melini, mezani, darajani, na mwishowe jikoni kwake, ambako siku moja unga uliisha kabla mkate haujatosha. Ni rahisi kuwa Mkristo saa ya ibada. Swali la juma hili ni hili: imani yetu inafanana na nini siku ya Jumatatu asubuhi?

JUMAPILI: Kijana Aliyependa Bahari

*Soma Zaburi 107:23–31.*

Joseph Bates alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia karibu na bandari ya New Bedford, mahali ambapo leo ni mji wa Fairhaven. Palikuwa pahali pa wawinda nyangumi, na kijana alitamani bahari tu. Wazazi walimruhusu safari fupi ya hadi Boston wakidhani hamu itakwisha. Haikuisha. Mwaka 1807, akikaribia umri wa miaka 15, alipanda meli kuelekea London.

Katika safari ya kurudi aliteleza kutoka juu ya mlingoti akaanguka baharini. Papa mkubwa alikuwa akiifuata meli ile, ila wakati huo alikuwa amehamia upande wa pili. Mabaharia walimrushia kamba, wakamvuta akiwa hai.

Mwaka 1810, akiwa Liverpool, alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika jeshi la majini la Uingereza, kama walivyofanyiwa mabaharia wengi wa siku zile. Vita kati ya Uingereza na Marekani ilipoanza mwaka 1812, alikataa kupigana na nchi yake, akawekwa kuwa mfungwa wa vita. Mwisho alifungwa katika gereza la Dartmoor. Alirudi nyumbani mwaka 1815, baada ya miaka mitano hivi ya utumwa.

Katika miaka hiyo yote Bates hakuwa mtu wa maombi. Hata hivyo, tukitazama nyuma, tunaona mkono uliomshika kabla yeye hajaujua.

*Ni wakati gani Mungu alikutunza nawe hukutambua mpaka miaka mingi baadaye?*

JUMATATU: Glasi ya Adhuhuri

*Soma Danieli 1:8.*

Mwaka 1818 Bates alimwoa Prudence Nye, binti wa Fairhaven. Baada ya muda mfupi akawa nahodha. Kwa mabaharia wa wakati ule pombe kali ilikuwa sehemu ya posho, na nahodha aliyekunywa glasi moja kwa siku alihesabiwa kuwa mtu wa kiasi. Bates alikuwa na glasi yake moja, wakati wa chakula cha adhuhuri.

Lakini mwaka 1821 aligundua jambo lililomtisha. Aliona kwamba anaingoja glasi ile kuliko anavyokingoja chakula chenyewe. Hakuwa mlevi, wala hakuna aliyemlalamikia. Aliamua siku hiyo kuacha pombe kali, na hakuirudia tena. Katika miaka iliyofuata aliacha divai, kisha tumbaku.

Tuangalie vizuri: hakungoja glasi moja iwe chupa. Alijiuliza ni nani bwana na ni nani mtumwa, akaamua angali na nguvu ya kuamua. Baadaye aliacha pia chai, kahawa na nyama. Alipoulizwa kwa nini hali vyakula fulani, kwa miaka mingi alijibu tu kwamba amekwisha kula sehemu yake ya kutosha. Hakuifanya sahani yake kuwa fimbo ya kuwapigia wengine.

*Je, kuna "glasi ya adhuhuri" katika siku yako? Yaweza kuwa simu, soda, kamari, au mchezo wa mpira kwenye televisheni. Ni nini unachokingoja kuliko chakula na kuliko sala?*

JUMANNE: Agano Jipya Sandukuni

*Soma Luka 16:10.*

Bates alipofungasha kwa safari ndefu ya kwenda Amerika ya Kusini, aliweka sandukuni vitabu vya hadithi vya kupitishia muda. Prudence hakubishana naye. Aliweka Agano Jipya dogo juu ya vitabu vile, mahali ambapo lingekuwa la kwanza kuonekana. Baharini, mume alifungua sanduku, akalikuta, akaanza kusoma. Vitabu vya hadithi vikapoteza ladha. Kisha baharia mmoja akaugua na kufa, na nahodha alilazimika kusimamia maziko yake baharini. Moyo wake ulihangaika. Alijua kuendesha meli, ila hakujua jinsi ya kukutana na Mungu. Katika safari hiyo alianza kuomba na kujitoa kwa Bwana.

Mwaka 1827 alibatizwa na kujiunga na kanisa la Kikristo la Fairhaven. Mwaka huo huo alisaidia kuanzisha chama cha kiasi katika mji wake. Kisha akaondoka kwa safari yake ya mwisho kama nahodha. Alitangaza masharti kwa mabaharia: melini hakuna pombe, isipokuwa ile iliyo katika sanduku la dawa, hakuna matusi, na kila mtu aitwe kwa jina lake halisi, si kwa majina ya dhihaka. Wakati huo alitunza Jumapili, maana hakujua zaidi. Kwa hiyo alikataza kufua na kushona siku hiyo, akawapa watu wake Jumamosi alasiri kwa kazi hizo.

Sharti la majina lisitupite hivi hivi. Bates aliona kwamba mtu anayeomba asubuhi hawezi kuwaita watu wake majina ya kudhalilisha mchana.

*Wanaokufanyia kazi, kama dada wa nyumbani, kijana wa shamba au kondakta wa gari lako, wangesemaje kuhusu dini yako?*

JUMATANO: Habari za Darajani

*Soma Kutoka 20:8–11.*

Bates alistaafu bahari mwaka 1828 akiwa na zaidi ya dola 10,000, fedha nyingi kwa siku zile. Alijishughulisha na shamba lake, akapinga utumwa waziwazi, na mwaka 1839 akaupokea ujumbe wa William Miller kuhusu kuja kwa Yesu. Aliuza nyumba yake, akalipa madeni, na kutumia mali yake kuitangaza habari hiyo. Alikwenda hata Maryland, jimbo la watumwa, akahubiri mbele ya mabwana na watumwa wao. Kisha ikaja tarehe 22 Oktoba 1844, na Yesu hakuja. Mzee Bates alibaki na Biblia yake, na mfuko uliokaribia kuwa mtupu.

Mapema mwaka 1845 alisoma makala ya T. M. Preble kuhusu Sabato ya siku ya saba. Alisafiri mpaka kijiji cha Washington katika jimbo la New Hampshire, akazungumza na Mchungaji Frederick Wheeler hadi usiku wa manane. Akarudi nyumbani akiwa ameamua.

Alipokuwa akivuka daraja la kuingia Fairhaven alikutana na jirani yake, James Madison Monroe Hall, ambaye alimwuliza, kama majirani wafanyavyo, kuna habari gani. Bates alimweleza kwamba habari ni kuwa siku ya saba ndiyo Sabato ya Bwana. Hall alikwenda kusoma Biblia yake, na Sabato iliyofuata akaitunza. Hapakuwa na hema wala mkutano mkubwa. Palikuwa na salamu ya njiani iliyopewa jibu la kweli.

*Jirani akikuuliza habari, huwa unampa habari zipi?*

ALHAMISI: Unga Unapoisha

*Soma 1 Wafalme 17:8–16. 1 Timotheo 5:8.*

Mwaka 1846 Bates alikaa mezani kuandika kijitabu kuhusu Sabato. Prudence aliingia akamwambia kwamba unga hautoshi kumaliza kuoka mkate. Bates alikuwa na senti 12 na nusu tu. Alikwenda dukani, akanunua ratili 4 za unga, yaani chini kidogo ya kilo 2, akauleta na kurudi kwenye kalamu yake.

Prudence alishangaa. Nahodha aliyezoea kununua shehena amenunua ratili nne? Ndipo Bates alipomweleza kwamba hizo zilikuwa senti zao za mwisho. Prudence alilia. Alimwuliza wataishije. Mumewe alijibu kwamba ataandika kijitabu, na Bwana atawapa riziki.

Baada ya muda Bates alisukumwa moyoni kwenda posta. Kulikuwa na barua yake, lakini siku zile mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipia, naye hakuwa na hata senti 5. Barua ilipofunguliwa, ndani yake mlikuwa na dola 10, kutoka kwa mtu aliyehisi kwamba Bates ana uhitaji. Alinunua pipa la unga na mahitaji mengine, akamwambia mchukuzi avishushe nyumbani kwake hata kama mama mwenye nyumba atakataa. Prudence alipouliza vimetoka wapi, mumewe alimwonyesha barua. Alilia tena, safari hii si kwa hofu.

Kijitabu kilitoka Agosti mwaka huo, kikiwa na kurasa 48. James na Ellen White walikisoma, na tangu majira hayo wakaanza kuitunza Sabato.

Kisa hiki twakipenda, lakini tusikisome haraka. Prudence alikuwa bado hajaikubali Sabato. Aliipokea mwaka 1850. Alibeba njaa ya ukweli ambao haukuwa bado wake. Tena, inaonekana hakujua hali ya fedha mpaka senti ya mwisho ilipotoka. Mungu aliujaza pipa, lakini hilo halimaanishi kwamba yeyote anaweza kumaliza ada ya watoto na kuiita imani. Paulo anatuonya wazi kuhusu wa nyumbani mwetu. Bates hakuwa mvivu wala mbadhirifu. Alikuwa ametoa vyote kwa ajili ya kazi. Hata hivyo, mume na mke wanaomtegemea Mungu wanapaswa kuujua mfuko wao pamoja na kuomba pamoja, ili machozi yasiwe ya mmoja peke yake.

*Je, mwenzi wako anajua hali halisi ya fedha zenu? Ni nini kinachokuzuia kumwambia leo?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

*Soma Mathayo 6:25–34.*

Bates aliendelea kusafiri na kufundisha, mara nyingi pasipo mshahara. Mwaka 1858 walihamia Monterey, Michigan. Prudence, aliyemwekea Agano Jipya sandukuni na kuoka unga wa mwisho, alilala mwaka 1870. Mzee hakukaa chini. Katika mwaka wa mwisho kabla ya kufa kwake alifanya mikutano ipatayo 100. Alifariki Battle Creek tarehe 19 Machi 1872, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa Monterey kando ya mkewe. Wote wawili wanangoja asubuhi ile moja.

Maswali ya Kujadili:

1. Bates aliacha pombe kabla hajaongoka. Hilo linatufundisha nini kuhusu jinsi Roho Mtakatifu anavyofanya kazi kwa jirani zetu wasioamini?

2. Jadilini darasani: mpaka kati ya imani na uzembe wa mambo ya nyumbani uko wapi? Linganisheni Mathayo 6:25–34 na 1 Timotheo 5:8.

3. Prudence alingoja miaka kadhaa kabla ya kuipokea Sabato. Tuwatendeeje wenzi wa washiriki wetu ambao bado hawajaamini?

4. Mtu mmoja alituma dola 10 pasipo kuombwa. Katika kanisa lenu, ni nyumba gani ambayo unga umeisha na hakuna aliyesema? Darasa litafanya nini kabla ya Sabato ijayo?