Herbert Chapman na Safari ya Senta Hafu

Katika soko la Kyuso, Mwingi Kaskazini, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, mashabiki wa Arsenal hawachoki kuteta juu ya viungo wao: nani abaki nyuma kulinda, nani apande na mpira, na kwa nini mashambulizi hukwama katikati ya uwanja. Ubishi huo una umri wa takriban karne moja. Aliyeuwasha katika klabu hiyo ni Herbert Chapman, mwana wa mchimba makaa ya mawe, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, Yorkshire, Uingereza.

Chapman alisomea uhandisi wa migodi mjini Sheffield. Uwanjani hakuwa mtu wa kutajika. Alihama klabu hadi klabu, na huko Tottenham alikumbukwa kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko kwa ufundi wake. Mwaka 1907 alikabidhiwa Northampton, timu iliyokuwa ikiburura mkia katika Ligi ya Kusini. Hapo ndipo alipong'amua kwamba timu yaweza kushambulia kupita kiasi. Wapinzani wakibanwa langoni mwao hurundikana, na nafasi ya kufunga hutoweka. Akawaagiza hafubeki wake warudi nyuma kidogo ili wapinzani wavutike kutoka ngomeni. Mwaka 1909 Northampton ikatwaa ubingwa wa ligi hiyo.

Alipoingia Leeds City mwaka 1912 mambo yalielekea kunyooka, lakini vita vikazuka, naye akaenda kusimamia kazi katika kiwanda cha silaha cha Barnbow. Mwaka 1919 klabu ilifukuzwa ligini kwa tuhuma za kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa vita, wachezaji wake wakanadiwa hotelini mithili ya mifugo, na Chapman mwenyewe akapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilipobatilishwa mwaka 1921 kwa hoja kwamba wakati wa makosa hayo alikuwa kiwandani, alijiunga na Huddersfield. Kombe la FA likaja mwaka 1922, kisha ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925. Hata hivyo, jina lake halikukita mizizi kwa vikombe hivyo. Lilikita kwa swali la senta hafu.

Wakati huo timu zilipangwa mabeki wawili, hafubeki watatu na fowadi watano. Senta hafu, yaani yule wa katikati katika safu ya hafubeki, ndiye aliyekuwa mhimili wa mchezo: alikaba, alipora mpira, kisha akaanzisha shambulizi. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa. Awali mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Sasa wawili walitosha. Magoli katika daraja la kwanza yakapanda kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Mabeki wawili hawakutosha tena.

Chapman alikuwa ndiyo kwanza amehamia Arsenal. Tarehe 3 Oktoba 1925 timu yake ilicharazwa na Newcastle 7–0. Nahodha wake, Charlie Buchan, alishikilia kwamba senta hafu ashushwe awe beki wa tatu, na fowadi mmoja wa ndani arudi kuliziba pengo la katikati. Haki ni haki: wazo hilo lilikuwa la Buchan kuliko la Chapman, na Newcastle wenyewe walikwisha kulitumia. Buchan alidhani yeye ndiye angepewa kazi ya kuunganisha, lakini Chapman alimtaka abaki mbele afunge magoli, akamteua Andy Neil, mchezaji wa kikosi cha tatu, mzito wa mbio lakini mwepesi wa kuutuliza mpira. Siku mbili baadaye Arsenal iliilaza West Ham 4–0.

Mfumo huo ulichukua miaka kuiva. Herbie Roberts, aliyenunuliwa mwaka 1926 kutoka Oswestry kwa pauni 200 tu, akawa senta hafu asiyepanda kamwe. Kazi ya ubunifu ikamwangukia Alex James, aliyesajiliwa mwaka 1929. James alizoea kufunga, na kumshawishi awe mgawaji wa pasi halikuwa jambo jepesi. Mashabiki wa timu pinzani walinuna: waliona timu inayojikunyata nyuma, inayobanwa dakika nyingi kisha kuchomoka na kufunga, wakaiita yenye bahati. Kwao senta hafu wa aina ya Roberts alikuwa mharibifu wa mchezo.

Lawama hiyo ina ukweli nusu. Kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 1931 kilifunga magoli 127, na hakuna timu ya woga inayofikia idadi hiyo. Walakini, ni kweli kwamba nafasi moja tukufu ilifutika. Austria, iliyoongozwa na Hugo Meisl, rafiki wa Chapman, iliendelea kumwachia senta hafu uhuru wa kutembea, na mwezi wa Desemba 1932 ilishindwa na Uingereza 4–3 tu, tena ugenini, baada ya kuwasumbua wenyeji mno.

Arsenal ilitwaa ubingwa tena mwaka 1933. Mwanzoni mwa Januari 1934 Chapman alishikwa na homa katika ziara zake za kutazama mechi. Akapuuza ushauri wa daktari, akaenda kwenye baridi kutazama kikosi cha tatu. Nimonia ikamuua alfajiri ya tarehe 6 Januari akiwa na umri wa miaka 55. Alasiri hiyo hiyo wachezaji wake walitoka sare ya 1–1 na Sheffield Wednesday. Ubingwa wa 1934 na wa 1935 ulikuja bila yeye.

Jina la senta hafu halikuhama pamoja na mwenyewe. Katika Kiswahili cha viwanjani neno hilo lingali likitaja beki wa kati, mvaaji wa jezi namba 5, ingawa hafu ni neno la safu ya katikati, mahali ambapo mchezaji huyo hasimami tena.