Nyaatha wa Gikondi: Maisha ya Sista Irene Stefani

Jina la Sista Irene Stefani halitengani na vilima vya Gikondi, katika kaunti ya Nyeri, ingawa alizaliwa mbali, huko Anfo, Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Alijiunga na watawa wa Consolata mwaka 1911, na mwanzoni mwa 1915 akateremka Mombasa, wakati Vita Vikuu vya Kwanza vimekwisha kupamba moto.

Vita hivyo vilimpeleka katika hospitali za wapagazi: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao, ambao kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo, hawakumalizwa na risasi. Waingereza walihesabu vifo vyao zaidi ya 40,000, vingi vikisababishwa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Wengine walibaki na vidonda ndugu miguuni, vidonda ambavyo havijui wiki wala mwezi.

Klorofomu ilikuwa ikitumika kama dawa ya usingizi tangu 1847. Kiswahili huiita dawa ya namna hiyo nusukaputi, neno ambalo wengi hulihusisha na Kijerumani, na ambalo kwa hakika ni la kweli kuliko istilahi nyingi za vitabuni: mgonjwa huachwa nusu mfu. Lakini nusukaputi ilikuwa dawa ya kisu. Daktari alipomaliza kukata, usingizi ulikwisha na maumivu yakarejea kukaa. Hayo ya kukaa ndiyo yaliyomwangukia Irene, naye aliyakabili kwa maji, bendeji na subira. Wasimulizi wa maisha yake hutaja siku alipokwenda kumtafuta mgonjwa miongoni mwa maiti zilizotupwa, akamkuta angali anapumua.

Ilipita miongo mingi kabla ya dawa ya usingizi kufikiriwa kuwa tiba ya maumivu ya kudumu. Ketamini, iliyoundwa Marekani mwaka 1962 na kuzoeleka katika vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki, siku hizi hutolewa kwa vipimo vidogo kwa baadhi ya wenye maumivu ya neva. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu muda wa nafuu yake, na njozi zinazowajia wagonjwa si jambo dogo.

Mwaka 1920 Irene alihamia Gikondi. Alifundisha, akapanda na kushuka makorongo kuwafuata wagonjwa majumbani, akawaandikia barua wasiojua kusoma. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Jina ambalo halikutolewa na kanisa wala serikali.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Mwalimu mmoja alipougua, Irene alimuuguza kwa karibu mno, akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, mwenye umri wa miaka 39, akazikwa Mathari. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mbele ya umati mkubwa.